Mbuzi Mwenye Sikio Lililochanika

Haya ni maneno niliyoyasema hapa Dodoma mbele ya maafisa miradi, wahasibu na watu wa ufuatiliaji na tathmini wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Waliokosa kikao wameomba niyaweke yote, nami nimeyaweka yalivyo. Michoro ya ukutani nimeiacha, maana haikuwa na lolote ambalo mdomo haukulisema. Nilianza kwa salamu ya Kigogo.

Mbukwenyi!

Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Mbukwenyi! Naam, sasa nimesikia.

Mwenyekiti wa kikao, ndugu zangu wa mashirika, maafisa maendeleo ya jamii mliotoka halmashauri, na nyinyi wadogo zangu mliomaliza vyuo juzi juzi: nimepewa dakika arobaini nizungumzie usimamizi na tathmini ya miradi. Nitaanza na mbuzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na shirika moja ambalo sitalitaja. Tulikuwa na mradi wa mbuzi wa maziwa kwenye kijiji kimoja upande wa Bahi. Utaratibu mnaujua: kopa mbuzi, lipa mbuzi. Kaya inapewa jike mwenye mimba, akizaa jike, yule mtoto anapitishwa kwa jirani. Kaya 60, mbuzi 60. Mradi ulipofika mwisho mfadhili akataka tathmini, nikatumwa mimi na kishikwambi changu, dereva, na kijana wa kutuonyesha njia.

Nyumba ya kwanza, mbuzi yupo. Ya pili, yupo. Nyumba ya nne, mbuzi mweupe, sikio la kushoto limechanika hadi katikati kama tiketi iliyokaguliwa na kondakta. Nikampiga picha. Nyumba ya kumi na moja, mbuzi mweupe, sikio la kushoto limechanika. Nikajisemea, hawa watakuwa ndugu. Nyumba ya kumi na tisa nikamkuta anahema. Anahema, ndugu zangu! Ulimi nje, vumbi bichi mpaka magotini, na nyuma ya ghala la mtama kuna mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na miwili, kamba mkononi, naye anahema.

Mnadhani nilifanya nini?

Nilibonyeza "yupo". Jua lilikuwa kali, dereva alikuwa anaangalia saa, na ile fomu ilikuwa na majibu mawili tu, yupo na hayupo. Kufika jioni nilikuwa na mbuzi 57 kati ya 60. Asilimia 95. Ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza kizuri, ikaenda Ulaya, na mfadhili akaandika kutupongeza.

Nilirudi kijijini peke yangu baada ya miezi minane, bila gari la shirika na bila fulana yenye nembo. Yule mama wa nyumba ya kumi na tisa akanikaribisha kigoda, akanipa maji, ndipo akanieleza. Mbuzi walitoka nyanda za baridi. Walipofika Oktoba ya kwanza, majani hakuna, maganda ya mgunga yameisha, wakaanza kukonda. Kisha ikaja homa ya mapafu. Waliobaki hawakufika ishirini. "Sasa mama," nikamuuliza, "kwa nini hamkutuambia?" Akanitazama kama anayemtazama mtoto. Akasema, mkataba mliotusomesha ulisema kijiji kisichofikia lengo hakitaingia awamu ya pili. Na awamu ya pili ilikuwa ya nini, mwanangu? Ilikuwa ya maji.

Mnaona? Mimi nilidhani watu wanatetea mbuzi. Watu walikuwa wanatetea kisima.

Sasa niwaulize. Nani alijua kwamba mbuzi wamekufa? Mwenyekiti wa kijiji alijua. Mtendaji alijua. Watoto wa darasa la tatu walijua. Hata dereva wangu, nilikuja kugundua, alishajua tangu nyumba ya kumi na moja, akanyamaza kwa sababu hakuulizwa. Kijiji kizima kilijua. Asiyejua alikuwa ni yule mmoja tu aliyelipwa ili ajue.

Nimekuja kuomba jambo moja leo, na sitazunguka. Naomba ripoti ya tathmini isomwe kijijini kabla haijasomwa kwa mfadhili. Isomwe kwa lugha ambayo kijiji kinaielewa, mbele ya watu wanaoweza kuinua mkono na kusema, hapo umekosea.

Najua mnachokifikiri. Huyu mzee hajui kazi yetu ilivyo. Naijua. Ile logifremu mnayolala nayo, lile jedwali la malengo na viashiria vya mradi, ilianza kutumiwa na Wamarekani mwaka 1969, na vigezo vya tathmini vya kamati ya misaada ya OECD, umoja wa nchi tajiri, vilikuwa vitano tangu 1991, cha sita kikaongezwa 2019. Ufaafu, ufanisi, uendelevu na ndugu zake, vyote nimevifundisha na si vibaya hata kimoja. Lakini onyesheni kigezo kinachouliza: je, waliopimwa wameyaona majibu yenu? Hakipo. Ni juu yetu kukiweka.

Tuje kwenye orodha za mahudhurio. Nawaona mnaanza kucheka.

Kuna dada mmoja kwenye wilaya moja ya jirani, sitamtaja kwa heshima yake. Nilipokuwa naunganisha takwimu za mashirika matatu nikamkuta kwa shirika la kwanza ni mkulima wa mfano wa mtama. Kwa la pili ni mwezeshaji wa lishe. Kwa la tatu ni katibu wa kikundi cha hisa. Namba ya simu ni ile ile, sahihi ni ile ile yenye mkia wa samaki. Kwenye ripoti zetu huyu ni wanawake watatu waliojengewa uwezo. Ukiongeza na semina za miaka iliyopita, amejengewa uwezo hadi ghorofa ya saba.

Nilimtafuta, tukaongea. Hana kosa. Anajua kusoma, anakaa karibu na barabara, na mtendaji akipigiwa simu jioni kwamba kesho wanatakiwa wanawake thelathini saa tatu kamili, anaanza na walio karibu. Yule wa kitongoji cha mbali, mwenye mtoto mgongoni na shamba la kupalilia, atafikaje? Hafiki. Na kijiji kinajua. Ukisimama kwenye mkutano ukasoma majina ya waliofundishwa kwa sauti, kabla hujafika la kumi watu watakuwa wameshaanza kukohoa.

Sasa nataka twende Kongwa, tukae huko kidogo, kwa sababu Kongwa ina masomo mawili na sisi hupenda kukumbuka moja tu.

Hili la kwanza wazee mnalijua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilikuja na mpango wa karanga. Zaidi ya ekari milioni tatu zilipangwa kulimwa, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na mwanzo ukawa Kongwa. Matrekta yakaja, tena mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikachepushwa kutoka Msagali. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Udongo wa Kongwa kiangazi unakauka kuwa tofali, unakula majembe ya chuma kama muwa, na karanga ikishakomaa ndani ya tofali utaing'oa kwa nini? Mvua nayo ikagoma. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu.

Hebu jiulizeni. Wagogo walikuwa wakiishi hapo na ng'ombe wao, wakilima mtama na uwele, mazao yanayovumilia jua. Walikuwa na kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza, njaa iliyotawanya koo nzima. Mtu wa kuuliza "kwa nini hapa hamlimi karanga kwa wingi?" angejibiwa kabla chai haijapoa. Leo ukipita Kongwa unakuta ranchi ya taifa. Yaani baada ya matrekta na vifaru na reli, ardhi ilirudi kwa ng'ombe.

Hilo ni la kwanza. La pili tunalisahau, na mimi nalipenda zaidi.

Wilaya hiyo hiyo ya Kongwa, miaka ya tisini mwanzoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao wa hapa nchini walikuwa wanashughulika na vikope, yaani trakoma. Ugonjwa wa macho huo, unaoanza kwa mtoto mwenye tongotongo na nzi, na unamaliza kwa bibi asiyeona njia ya kisimani. Swali lao lilikuwa dogo tu: tukigawa dawa ya macho na pia tukahimiza watoto waoshwe uso, je, kuosha uso kunaongeza kitu, au dawa peke yake inatosha?

Wangefanya kama tufanyavyo sisi, wangehamasisha kila kijiji, wangehesabu waliohudhuria, wangeandika kwamba uelewa umeongezeka. Hawakufanya hivyo. Walichukua vijiji sita, wakavipanga jozi tatu. Vyote vikapata dawa. Katika kila jozi kijiji kimoja, kwa kura, kikapata pia kampeni ya kuosha uso, iliyojengwa pamoja na wanakijiji wenyewe. Kisha wakafuatilia watoto zaidi ya 1,400, mwezi wa pili, wa sita, na wa kumi na mbili. Na walipima nini? Hawakuuliza mama kama anamwosha mtoto. Mama gani atakujibu hapana? Waliangalia uso wa mtoto. Pale palipokuwa na kampeni, nyuso safi zilikuwa nyingi zaidi na vikope vikali vikawa vichache zaidi. Majibu yakachapishwa mwaka 1995, na leo kuosha uso ni sehemu ya mkakati wa dunia wa kupambana na trakoma.

Uso wa mtoto wa Kongwa, ndugu zangu! Hakuna kishikwambi, hakuna dodoso la kurasa ishirini. Kiashiria kimekaa mbele yako kinakutazama. Sisemi kila shirika dogo lifanye utafiti wa jozi za vijiji, fedha hizo hatuna. Nasema tuchague kitu ambacho mwanakijiji yeyote akisimama pembeni yako anakiona kama unavyokiona wewe, na mkibishana mnaweza kukisogelea tena mkakitazama pamoja.

Kuna kosa jingine ambalo limenifanya nikose usingizi, na nadhani nusu ya waliomo humu wamelifanya bila kujua. Huku kwetu Kanda ya Kati mvua ni moja. Inaanza Desemba, inaisha Aprili, mwaka wa kawaida milimita 500 hadi 600. Mavuno yanaanza Mei. Februari ghala ni tupu na shamba bado ni kijani. Julai hata mbwa wananenepa. Sasa, andiko la mradi linapitishwa mwishoni mwa mwaka, fedha zinaingia Januari, unakimbia kukusanya takwimu za awali lini? Februari. Unauliza, jana mmekula mara ngapi? Mara moja. Mradi unaisha, barabara zimekauka, gari linapita, unakwenda kufanya tathmini ya mwisho lini? Julai. Jana mmekula mara ngapi? Mara tatu! Ukaandika kwamba mradi umeboresha usalama wa chakula. Ndugu yangu, kilichoboresha chakula ni kalenda.

Nimeona ripoti ya namna hiyo ikipewa zawadi. Isome kijijini uone kama bibi yeyote ataimaliza bila kukuuliza ulikuja mwezi gani.

Na mipaka ya mradi, hilo nitalipita haraka. Pale Kondoa, mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ukipima ndani ya eneo lile, majani yamerudi na makorongo yametulia, kweli kabisa. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda mahali, na wenye ng'ombe wakawafuata. Anayepima ndani ya ua tu haoni kilichorukia kwa jirani.

Turudi kwenye kijiji changu. Kile kisima walichokitetea kwa mbuzi mmoja, kilichimbwa. Naam, awamu ya pili ilikuja. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani na kihudumie watu 250. Tukapima mita, tukahesabu watu, tukaandika: lengo limefikiwa. Asubuhi moja nikamkuta mama yule yule anapita kisimani na ndoo kichwani, hasimami, anakwenda korongoni kuchimba mchanga. Nikamfuata. Alichimba kwa kipande cha kibuyu mpaka bega likaingia kwenye shimo, akangoja maji yachuje, akachota kidogo kidogo. Nikamuuliza, mama, kisima kimeharibika? Akasema, kizima. Maji yake nafulia, nayo sabuni haitoi povu. Ukipikia maharage unaamka nayo asubuhi bado mabichi. Chai yake watoto wanatema.

Chumvi. Hakuna mtu aliyeweka ladha kwenye logifremu. Na kijiji kilijua, ndugu zangu, kilijua tangu siku mtambo unachimba, kwa sababu wazee walishasema upande ule maji ni ya ng'ombe.

Sasa niwaseme wakubwa kidogo, wakurugenzi mliokaa mbele. Nani anaandika hadidu za rejea za tathmini, yale maelekezo ya kazi yenyewe? Nyinyi. Nani anamlipa mshauri elekezi? Nyinyi. Na anayetaka awamu ya pili ni nani? Nyinyi hao hao. Mshauri ana siku kumi na nne, mbili za barabarani, tatu za kuandika, na anajua akileta habari mbaya hataitwa tena. Mnamlaumu kwa kuleta habari nzuri?

Mkataba wetu na wanakijiji nao ni hivyo hivyo. Ukimwambia mtu kwamba akifeli ananyang'anywa, atakukimbizia mbuzi. Nawe ukiambiwa na mfadhili kwamba ukifeli unanyang'anywa, utamkimbizia mbuzi mfadhili. Sote tumeshika kamba nyuma ya ghala la mtama.

Mwaka 2025 tumefundishwa kwa nguvu. Januari serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, ikawa imekoma kuendesha miradi. Humu ndani kuna watu waliopokea barua pepe Jumatatu na kukabidhi funguo za gari Ijumaa. Poleni, na sisemi kwa kejeli, mimi mwenyewe nina wadogo zangu wawili waliorudi nyumbani. Baada ya hapo nilizunguka baadhi ya vijiji nikitaka kujua kitu kimoja tu: kimebaki nini? Vikundi vya hisa vilivyokuwa na sanduku lenye kufuli tatu na fedha zao wenyewe vilikuwa vinakutana kama kawaida, wengine hawakujua hata kwamba mfadhili ameondoka. Kamati zilizokuwa zinakutana kwa sababu ya soda na posho, mwenyekiti wa mojawapo alinikabidhi muhuri niupeleke mjini. Hiyo ndiyo tathmini ya uendelevu, na haikuwa na mshauri elekezi.

Kwa hiyo ombi langu ni lile lile, nalifafanua. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, unaokaa kila miezi mitatu. Hatuhitaji kuunda jukwaa jipya wala kuchapisha fulana. Andika kurasa mbili za Kiswahili. Mpe mtendaji wiki moja kabla. Nenda usome, kaa kimya, andika wanachobisha, na kiambatanishe kwenye ripoti hivyo hivyo kilivyo, hata kama kinakuaibisha. Kwenye bajeti weka fungu dogo la kurudi baada ya mvua mbili, wakati wewe huna cha kugawa na wao hawana cha kuogopa. Ile mikataba ya kutishana, ifuteni.

Nimejaribu mwaka jana, nikiwa na shirika jingine, kwenye kijiji kile kile. Tulikaa chini ya mbuyu wa ofisi ya kijiji, mzee mmoja akitafsiri Kigogo kwa wale wa umri wake. Nilidhani itachukua saa moja. Ilichukua saa tatu na nusu. Walinisahihisha idadi ya vitongoji. Walinisahihisha jina la korongo. Mzee mmoja alikataa neno "wanufaika", akasema yeye bado hajanufaika, aandikwe "mwenyeji". Tukaandika mwenyeji. Mwisho yule mama akainua mkono. "Na wale mbuzi," akauliza, "kwenye kitabu chenu bado wako?"

Nikasema, mama, bado wako hamsini na saba.

Watu walicheka mpaka mtendaji akaomba utulivu.

Jioni nilipanda bodaboda kurudi barabara kuu. Dereva alikuwa kijana mkubwa, mabega mapana, hakuongea njia nzima. Tulipofika hakukubali nimlipe. Akaniuliza kama namkumbuka. Sikumkumbuka. Akasema, mimi ndiye niliyekuwa na kamba. Nikamwambia, kumbe ni wewe, uliyenikimbizia mbuzi nyumba tatu! Akatikisa kichwa, akawasha pikipiki.

"Nyumba tisa, mzee. Wewe uliona tatu."

Asanteni kwa kunisikiliza.